Mpanzi na Upepo wa Mbisho: Nishani ya Oscar Roty na Swala la Deni la Sanaa kwa Mkulima

Swala la iwapo msanii ana deni lolote kwa mtu ambaye jasho lake amelifanya kuwa malighafi ya sanaa ni la zamani, na wahakiki wa fasihi wamezoea kulijibu kwa kurejelea riwaya na tamthilia. Katika tanzu hizo jibu huelekea kupotea katikati ya mambo mengine, kwa sababu mwandishi ana nafasi ya kutosha ya kujieleza, kujirekebisha na hata kujitetea kupitia vinywa vya wahusika wake. Yamkini swala hilo lingejitokeza waziwazi zaidi likielekezwa kwa kitu kidogo kinachotosha kiganjani na kisichoweza kusema neno: nishani ya shaba yenye mchongo uliobenuka, inayoonyesha mtu akifanya kazi ya shamba. Nishani inayojadiliwa hapa ilibuniwa na Mfaransa Oscar Roty. Umbo lake limeenea kiasi kwamba mamilioni ya watu wamelishika mikononi bila kujua kuwa hapo awali lilikusudiwa kwa ajili ya kilimo.

Roty alizaliwa Paris mwaka wa 1846 na kufariki mwaka wa 1911. Mwaka wa 1875 alishinda Tuzo ya Roma katika uchongaji wa nishani, na mwaka wa 1887 akaanza kubuni nishani kwa ajili ya Wizara ya Kilimo ya Ufaransa. Inafaa mazingira ya kazi hiyo yaeleweke. Wizara hiyo ilikuwa imejitegemea tangu 1881 tu. Mwaka wa 1883 waziri wake, Jules Méline, alikuwa ameanzisha nishani ya heshima ya kilimo ili kuwatunuku waliotumikia sekta hiyo. Wakati huohuo bei ya ngano ilikuwa ikishuka kwa sababu ya nafaka iliyoletwa kwa meli kutoka Marekani na Urusi, na mizabibu ilikuwa imeangamizwa na mdudu wa filoksera. Jamhuri, iliyotangazwa mwaka wa 1870 na ambayo bado ilikuwa na maadui wengi, ilihitaji kura za mashambani. Katika hali kama hiyo, kumpa mkulima kipande cha shaba hakuwezi kuchukuliwa kuwa tendo la ujumi pekee. Palikuwa na mtu aliyekuwa akiombwa jambo.

Umbo lenyewe ni hili. Mwanamke anatembea kuelekea upande wa kushoto wa mtazamaji. Kichwani amevaa ile kofia laini ambayo tangu Mapinduzi ya 1789 imekuwa alama ya uhuru. Mfuko wa mbegu umening'inia ubavuni. Mkono wa kulia ameutupa nyuma na mbegu zinamtoka. Vazi lake jepesi limegandamana na mwili kwa mbele na kupepea kwa nyuma, na nywele zake vilevile. Chini, mgongoni mwake, jua linachomoza. Hakuna mtu mwingine wala mnyama. Anayekitazama kipande hicho kwa mara ya kwanza hawezi kukana kwamba ni kizuri. Mwendo wa mwili na mwendo wa nguo vimepatanishwa kwa ustadi usio wa kawaida.

Ustadi huo una masharti yake. Katika mchongo wa aina hii mwili mzima wa binadamu hukaa katika unene wa milimita chache, na upande wa pili wa mwili haupo kabisa. Roty alikuwa wa kizazi kilichofunzwa na Hubert Ponscarme, aliyeuondoa ukingo mzito uliokuwa ukizunguka nishani na kuuacha uwanja wake using'arishwe, hivi kwamba umbo lilionekana kama linaibuka kutoka ndani ya hewa. Tena mchongaji wa wakati huo hakulazimika kuchonga chuma kwa udogo wake. Alifinyanga umbo kubwa, kisha mashine ilifuatisha kila mbonyeo na kulichonga upya kwa kipimo kidogo. Kutokana na hayo, kila kitu kinachoonekana juu ya nishani kimechaguliwa, na kila kisichoonekana kimeachwa kwa makusudi au kwa kutojua. Tofauti kati ya kuacha kwa makusudi na kuacha kwa kutojua ndiyo hasa inayouzaa mjadala huu.

Nishani ya Wizara ya Kilimo haikufika mwisho uliokusudiwa. Katika miaka ya 1890 Wizara ya Fedha ilipotaka sarafu mpya, Roty alilitoa tena umbo lake, na kuanzia 1897 likapigwa juu ya sarafu za fedha za nusu faranga, kisha za faranga moja na faranga mbili. Mwaka wa 1903 likaingia katika stempu za posta. Lilirudi mwaka wa 1960 pamoja na faranga mpya, na mwaka wa 2002, likiwa limesahilishwa mistari, likaingia katika senti za yuro za Ufaransa: kumi, ishirini na hamsini. Wafaransa humwita La Semeuse, yaani mpanzi wa kike. Kilichobuniwa kwa ajili ya kilimo kikawa pesa ya kila mtu.

Tangu sarafu ya kwanza itoke, wako waliomcheka. Hoja yao ilikuwa fupi: mwanamke huyu anapanda huku upepo ukimjia usoni. Nywele na nguo zinashuhudia. Mbegu anazozirusha zitarudi kwake au zitaangukia palipokwisha kupandwa. Yeyote aliyewahi kunyunyiza mbegu kwa mkono anajua kwamba mkono hufuata hatua ya mguu, kwamba kila konzi sharti ianguke kando ya ile iliyotangulia bila kuacha upara katikati, na kwamba siku ya upepo mkali kazi hiyo huahirishwa, au mpanzi hugeuza njia yake ili upepo usimharibie. Mabaharia wa Pwani wana jina la upepo unaopinga chombo, huuita mbisho. Nahodha hawezi kuulazimisha mbisho kwa uzuri wa tanga lake. Mpanzi wa Roty ameutia mbisho usoni kwa sababu moja tu: upepo wa namna hiyo ndio unaoonyesha umbo la mwili chini ya nguo.

Kuna kasoro ya pili ambayo msomaji wa Afrika Mashariki angeweza kuipita bila kuiona. Katika vijiji vya Ufaransa vya wakati huo, kunyunyiza ngano ilikuwa kwa kawaida kazi ya mwanamume. Mwanamke alifunga miganda, aliokota masazo, alikama na kupalilia. Jean-François Millet, aliyezaliwa katika jamaa ya wakulima huko Normandie, alipochora mpanzi wake mwaka wa 1850 alichora mwanamume. Msomaji aliyekulia Kakamega au Siaya, ambaye amemwona mama akinyunyiza wimbi, hatashangaa kumwona mwanamke akipanda, bali atashangaa kumwona akipanda kwa madaha kiasi hicho. Haya yanaonyesha kwamba macho ya mtazamaji pia yana shamba lake.

Watetezi wa Roty wana jibu, na jibu hilo halistahili kupuuzwa. Wanasema kwamba mwanamke huyo si mkulima. Kofia yake inatosha kuthibitisha. Yeye ni Jamhuri, na anachopanda si ngano bali mawazo, elimu, haki. Kumuuliza habari za upepo ni sawa na kumuuliza mshairi aliyemwita mpenzi wake mwezi ni vipi atalala naye chumba kimoja. Mwaka wa 1890, miaka michache tu baada ya Roty kuanza kazi yake, msanii Eugène Grasset aliichorea kampuni ya kamusi ya Larousse nembo ya mwanamke anayepuliza mbegu nyepesi za ua zipeperuke popote. Hakuna aliyemlaumu Grasset, kwa kuwa hakuna mkulima duniani apandaye kwa kupuliza. Istiara yake haikuazima kazi ya mtu yeyote. Kwa nini basi Roty ahukumiwe kwa sheria nyingine?

Tofauti iko hapohapo kwenye kuazima. Istiara ya Roty ina nguvu kwa sababu kuna watu wanaopanda kweli, na kwa sababu kila aliyewahi kula mkate anajua kwamba uhai wake umepitia mikononi mwao. Jamhuri inapojivika vazi la mpanzi inajichukulia sehemu ya heshima hiyo. Mwenye kuazima jembe hawezi kusema kwamba hajali mpini uko upande gani. Katika ushairi wa Kiswahili chombo cha baharini kimetumiwa kwa karne nyingi kusimulia habari za dola, za mapenzi na za nafsi ya mwanadamu, na hakuna aliyedhani kwamba washairi hao walikuwa wakifundisha unahodha. Hata hivyo walitunga mbele ya hadhira iliyokuwa na manahodha ndani yake. Mshairi aliyechanganya foromali na mlingoti angeaibika barazani kabla ya kufika ubeti wa tatu. Istiara yake ilikuwa huru kwenda itakako, lakini ilisafiri chini ya macho ya wenye kazi, na kicheko chao kilikuwa sehemu ya uhakiki. Sarafu ya Roty haikuwa na baraza la aina hiyo. Kicheko kilisikika na sarafu zikaendelea kupigwa.

Hapa hoja inaweza kuelekea mahali pasipofaa, yaani kwenye dai kwamba msanii akiwa mwaminifu katika kuonyesha kazi ilivyo, deni lake limekwisha. Historia ya Millet mwenyewe inalikanusha dai hilo. Hakuna awezaye kumshutumu kwa kutoijua kazi ya shamba. Mpanzi wake wa 1850 ana miguu iliyofungwa majani makavu dhidi ya baridi, uso uliomezwa na kivuli, na anateremka mlimani kwa uzito wa mtu ambaye bado ana nusu ya shamba mbele yake. Miaka miwili baada ya mapinduzi ya 1848, wako matajiri waliomwona kama tishio. Lakini mwaka wa 1889, miaka kumi na minne baada ya kifo cha Millet, mchoro wake mwingine, L'Angélus, unaoonyesha mume na mke wakisimamisha kazi ya kuchimba viazi ili wasali, uliuzwa mnadani Paris kwa faranga 553,000. Kiasi hicho kiliwashangaza watu, na kisa chake kikawa miongoni mwa vilivyotajwa kila ilipojadiliwa haki ya msanii na warithi wake kupata fungu kila kazi yake inapouzwa tena. Sheria ya kuwapa haki hiyo ilipitishwa mwaka wa 1920. Ni sheria ya haki. Inastahili kutambuliwa tu kwamba katika mjadala wote wa nani anamdai nani, msanii alihesabiwa, jamaa yake ikahesabiwa, na mnunuzi pia. Watu wawili waliosimama kwenye shamba la viazi hawakuwa upande wowote wa hesabu.

Jules Dalou alilifikiria jambo hili kwa namna nyingine. Alikuwa ameunga mkono Komuni ya Paris ya 1871, akaishi uhamishoni Uingereza, akarudi mwaka wa 1879, na kwa miaka yake ya mwisho akafinyanga vijisanamu vya udongo vya watu wa kazi kwa ajili ya mnara mkubwa wa wafanyakazi. Mnara haukujengwa, Dalou alifariki mwaka wa 1902. Kilichokamilika kwa ukubwa wa mtu mzima ni mkulima mmoja, ambaye sasa amesimama katika Jumba la Makumbusho la Orsay. Mkulima huyo hapandi wala havuni. Anakunja mikono ya shati. Pengine Dalou alihisi kwamba kuna wakati mmoja tu ambao mtazamaji asiyeijua kazi anaweza kuuelewa bila kuuharibu, nao ni ule kabla kazi haijaanza. Ni kazi ya kujizuia, na kwa upande wa maadili ina uzito kuliko maonyesho mengi ya majembe hewani.

Uaminifu wa picha, kwa hivyo, hautoshi. Noti za kwanza za Kenya huru, zilizotolewa mwaka wa 1966, zilikuwa na wachumaji wa kahawa na majani chai, na hakuna mchumaji ambaye angelalamika kwamba vidole vimechorwa vibaya. Ngao ya taifa la Kenya imekaa juu ya kahawa, pareto, mkonge, chai, mahindi na mananasi, lakini walioyapanda hawapo. Mimea imejiotea yenyewe chini ya miguu ya simba. Ngao ya Tanzania imemweka mwanamume na mwanamke kandokando, na ndani yake mna jembe na shoka. Mtu anaweza kupendelea moja kuliko nyingine, lakini bei ya zao haikupanda senti moja kwa ajili ya ubora wa mchoro.

Ikiwa usahihi hautoshi na uzuri hautoshi, msanii anadaiwa nini basi? Jawabu linaloelekea kuwa la kweli ni kwamba anadaiwa kukubali kukosolewa na mwenye kazi. Hili si sawa na kusema kwamba mkulima ndiye hakimu wa pekee wa sanaa inayomhusu, wala kwamba mtu asiyewahi kushika jembe amekatazwa kuandika juu ya jembe. Ni kusema kwamba kazi ya sanaa inayoazima heshima yake kwa mtu fulani haiwezi kumwambia mtu huyohuyo kwamba maoni yake juu yake hayahusiki. Aliyesema kwamba upepo unavuma upande usiofaa hakuwa akionyesha ujinga wa istiara. Alikuwa akieleza kwamba heshima aliyotumiwa imeandikwa jina la mtu mwingine.

Kuna sanaa ambazo hukosolewa hivyo kwa maumbile yake. Wabajuni wa pwani ya kaskazini mwa Kenya wana vave, nyimbo ziimbwazo na wakulima wakati wa kufyeka na kuchoma pori ili kutengeneza mashamba. Mtungaji ana panga mkononi au amesimama karibu na mwenye panga. Mwimbo usioendana na kazi hufa palepale, kwa sababu hakuna atakayeupokea. Riwaya haina bahati hiyo. Shaaban Robert katika Utubora Mkulima, kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1968 baada ya kifo chake, anamtoa shujaa wake katika kazi ya ukarani na kumpeleka shambani, na nia yake ya kukitukuza kilimo haina shaka. Lakini Utubora ni mkulima kwa hiari. Shamba kwake ni uamuzi wa kimaadili, ambao angeweza kutoufanya. Shafi Adam Shafi katika Kasri ya Mwinyi Fuad, ya mwaka wa 1978, anamweka Kijakazi mahali ambapo hiari haipo, na karafuu inanukia jasho la watu. Haifuati kwamba Shafi ni mwandishi bora kuliko Shaaban Robert. Hilo ni jambo jingine kabisa, na wahakiki waliolichanganya na hili walizidharau hekima ambazo hawakuzitafutia badala. Kinachofuata ni kwamba Kijakazi angeweza kuisoma riwaya inayomhusu na kugombana nayo ukurasa kwa ukurasa, ilhali mkulima ambaye hakuchagua shamba, akiisoma habari ya Utubora, angeweza tu kumtakia heri.

Historia ya baadaye ya Mpanzi wa Roty inatoa ushahidi ambao hakuna mhakiki angethubutu kuubuni. Mwaka wa 1906 umbo lake katika stempu lilisahihishwa. Kwanza liliondolewa jua lililokuwa likichomoza nyuma yake. Kisha, katika toleo lililofuata baada ya muda mfupi, iliondolewa ardhi iliyokuwa chini ya miguu yake. Bila shaka sababu zilikuwa za uchapaji, na kwa macho ya mchapaji stempu ikawa safi zaidi. Kwa hivyo mamilioni ya barua zilisafiri zikiwa na picha ya mwanamke anayepanda mbegu mahali pasipo na udongo.

Mwezi wa Agosti 1914 vita vilipoanza, wanaume waliitwa jeshini wakati mavuno hayajamalizika. Waziri Mkuu René Viviani aliwatolea wanawake wa Ufaransa mwito wa kuyamaliza mavuno na kuyaandaa mashamba kwa ajili ya upanzi wa mwaka uliofuata. Wakafanya hivyo, na wengi wao wakaendelea kwa miaka minne. Kitu ambacho Roty alikibuni bila kukiona kilitokea: wanawake walitoka na mifuko ya mbegu ubavuni wakati mwingine bila hata farasi wa kulima, kwa kuwa farasi nao walikuwa wamechukuliwa na jeshi. Sheria ya mwezi huohuo iliziwekea familia maskini za askari posho ya faranga 1.25 kwa siku, na senti 50 zaidi kwa kila mtoto mdogo. Senti hamsini ilikuwa sarafu ndogo kabisa ya fedha. Juu yake palikuwa na Mpanzi. Kwa hesabu ya serikali, mtoto mmoja wa mpanzi alikuwa na thamani ya picha moja ya mpanzi kwa siku. Muda si muda sarafu hizo zikaanza kuadimika mikononi mwa watu. Ziliwekwa akiba majumbani kwa ajili ya fedha iliyokuwa ndani yake.

Ni hapa ambapo swala la upepo linaacha kuwa la ufundi. Mwanamke aliyeamka mwaka wa 1915 kwenda kupanda ngano alikuwa na kila haki ya kuitazama sarafu iliyokuwa mfukoni mwake na kujiuliza kama ni yeye aliyekusudiwa. Kofia ya uhuru iliyokuwa kichwani mwa yule wa sarafu haikuwa yake: wanawake wa Ufaransa walipewa haki ya kupiga kura mwaka wa 1944, miaka hamsini na saba baada ya Roty kuanza nishani yake. Jamhuri ilivaa umbo la mwanamke wa shamba na wakati huohuo ikamweka mwanamke wa shamba nje ya mlango wake. Watetezi waliosema kwamba yule si mkulima bali ni Jamhuri walikuwa na haki kuliko walivyodhani. Hakuwa mkulima. Kama angekuwa, ingebidi wamwulize anachotaka.

Yafaa kukiri kwamba kuna ushahidi wa upande wa pili pia. Wafaransa walimpenda Mpanzi huyu. Alirudishwa mwaka wa 1960 kwa sababu alikumbukwa kwa wema, na miongoni mwa waliomkumbuka hawakukosekana wakulima. Upendo wa namna hiyo hauwezi kufutwa kwa hoja. Watu huchukua sanaa isiyo sahihi na kuijaza maana zao wenyewe, na pengine mama fulani aliiona katika nywele zile zinazopepea siku moja ya ujana wake ambayo hakuna mchongaji aliyeijua. Lakini upendo wa mpokeaji ni zawadi yake mwenyewe. Mtoaji hana haki ya kuuandika katika hesabu yake kama malipo aliyoyatoa.

Mwaka wa 2024 Ufaransa ilitangaza sura mpya za senti kumi, ishirini na hamsini. Badala ya Mpanzi zimewekwa sura za Simone Veil, Joséphine Baker na Marie Curie, wanawake watatu wenye majina, kila mmoja na kazi aliyoifanya. Senti za zamani bado ni pesa halali na zinaendelea kupita mikononi mwa watu. Kama ilivyo kwa mchongo wowote uliobenuka, zitaanza kulika pale palipoinuka zaidi, na uwanja ulio nyuma ya mpanzi, ambao haukuchongwa kitu, ndio utakaobaki mzima hadi mwisho.